Mpaka Boyani na Kurudi

Mwanza,
3 Machi 1956

Kwa Shangazi yangu Bi Mwanamkasi binti Mselem, Mwera,

Shikamoo Shangazi. Mimi huku ni mzima, kikohozi kimekwisha, na ile kofia uliyonishonea bado inanienea ijapokuwa samaki wa huku wameninenepesha mpaka kichwa. Nisalimie Mwalimu Hatibu, nisalimie dada Saleha na wanawe, na Bertha wa kambi ya mkonge anayekuletea muhogo, na paka, na wote wanaoniuliza. Nakuandikia kwa herufi zetu za Kiarabu za chuoni, kwa hiyo nawe andika utakalo. Hapa kazini hakuna awezaye kuchungulia.

Habari kubwa ni kwamba nimeacha kiwanda cha pamba. Sasa niko kwenye klabu ya mashua, pembeni mwa ziwa. Bwana Katibu wa klabu, Mzungu mrefu mwenye kofia ya ukindu, aliniuliza swali moja tu: kwenu wapi? Nikasema Pangani. Akapiga makofi, akaniambia nianze kesho. Kwa akili yake mtu wa pwani huzaliwa na kasia mkononi.

Ziwa lenyewe, Shangazi, usiseme. Halina chumvi, halipwi wala halijai. Asubuhi unalikuta pale pale ulipoliacha jioni. Na mashua za klabu hazibebi nazi wala mchele wala abiria. Zinakwenda zikazunguka kisiwa, zinarudi zilikotoka, na anayerudi wa kwanza anapewa kikombe kisicho na chai. Bwana Katibu mwenyewe ugonjwa wake ni kuvua kwa fimbo. Ndoano yake haina chambo, ameivalisha manyoya ya kuku ili samaki adhani ni mdudu. Akimpata anampima kwa mizani, anaandika, karibu ambusu, kisha anamrudisha majini.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nina rafiki hapa kazini, kijana mzuri, mcha Mungu, ila hajui kuogelea. Na sheria ya klabu ni kwamba kila mfanyakazi aogelee kutoka gatini hadi boyani na kurudi, mbele ya Bwana Katibu. Asiyeweza hana kazi. Rafiki yangu anaona haya kuwauliza wenzake. Nikamwambia nina shangazi ambaye tangu nikiwa mdogo hurudi nyumbani amelowa hadi kitambaa cha kichwa, na hakuna Mwera nzima anayeyajua maji kama yeye. Tafadhali mwandikie jinsi mtu anavyoanza.

Mwanao,
Mselem bin Uweso


Mwera,
27 Machi 1956

Kwa baba yangu mdogo, Mselem mwenye jina la baba yangu,

Marahaba, mara nyingi. Barua yako imekula wiki mbili na siku tatu njiani. Ilipofika posta ya Pangani ilivushwa mto na Sadalla wa kivuko, naye akaileta mwenyewe hadi mlangoni pangu, ijapokuwa nyumba yake iko Bweni na huku hana njia. Nilimpa maji akanywa akaenda zake.

Sote wazima. Saleha amejifungua tena, wa kike. Mimi wiki jana kwenye bamvua, maji yalipotoka mbali, nilishuka pwani na mti wangu, nikachokoa pweza sita mwambani, mmoja mkubwa akanivua kanga. Salamu zako nimezifikisha kwa kila uliyemtaja, na paka pia. Yupo ambaye hukumtaja. Huyo nimemwambia yumo katika "wote wanaoniuliza", maana yeye huniuliza kila siku.

Samaki anapimwa kisha anarudishwa? Amekosa nini, na aliyemvua amepata nini? Kuishi kwingi kuona mengi.

Kuhusu rafiki yako. Mwambie asianze kwa kwenda mbele, aanze kwa kulala. Aingie maji ya kifua mahali penye mchanga, ainue kidevu, alale chali, masikio yazame, atazame mbingu. Kiuno akiinue kana kwamba anataka kumwonyesha mtu kitovu. Asishike pumzi mpaka apasuke, wala asipigane. Maji yanabeba gogo la mnazi, sembuse mtu. Anayezama ni yule anayekataa kubebwa. Afanye hivyo kila siku mpaka alale bila kufikiri, ndipo aniandikie tena.

Na huyo rafiki yako, je, ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto? Nauliza tu.

Shangazi yako,
Mwanamkasi


Mwanza,
20 Mei 1956

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na Idi njema. Nimechelewa kukujibu, niwie radhi. Mwezi mtukufu umenikuta na mambo. Hongera ya mtoto kwa dada Saleha, mwambie jina la kwanza zuri ni la shangazi. Mwalimu Hatibu hajambo? Bertha? Paka? Nisalimie wote.

Ramadhani imemfaa sana rafiki yangu. Bwana Katibu alipopanga siku ya mtihani, rafiki akamweleza kwamba maji yakimwingia puani saumu imeharibika, na Bwana Katibu, mtu wa heshima, akasogeza hadi baada ya Idi. Idi ilipofika Bwana Katibu akashikwa na homa. Alipopona rafiki akapata jino. Sasa imeamriwa kabisa: Jumamosi tarehe mosi Septemba, mkesha wa mashindano makubwa ya klabu. Hakuna tena jino wala homa.

Mpaka hapo nimejitahidi. Haya, Shangazi, kovu lipo juu ya jicho la kushoto. Ulilijua tangu mstari wa kwanza, nawe ukaniacha nijizungushe.

Wananiita Nahodha. Mimi! Nasimama gatini naamuru kwa maneno niliyoyasikia kwenu utotoni, vuta joshi, legeza demani, kamba za tanga hizo, na wote wanatii. Kazi za nchi kavu zote ni zangu: kupaka rangi, kushona matanga, kukausha kamba. Ikija kazi ya kuingia mashuani nakumbuka kwamba kuna kamba haijakauka. Anayejua siri ni Eliudi tu, mtu wa Ukerewe tunayelala naye chumba kimoja. Alinikuta alfajiri nyuma ya mawe nimelala chali katika maji ya goti, nimeshika jiwe kwa mikono miwili. Alicheka akaketi chini. Lakini hajamwambia mtu.

Shangazi, jana niliachia jiwe. Nilihesabu mpaka arubaini na tatu. Masikio yakaziba, nikasikia moyo wangu mwenyewe, na mbingu ikawa yangu peke yangu. Nilipotaka kusimama nikanywa maji nusu pishi, lakini zile arubaini na tatu hakuna wa kuninyang'anya.

Niambie la pili.

Mwanao Mselem


Mwera,
14 Juni 1956

Kwa baba yangu, Nahodha wa nchi kavu,

Nimecheka mpaka Bertha akaja kuuliza kuna nini. Sikumwambia. Arubaini na tatu! Baba yangu angekuwa hai angechinja kuku.

Mtoto wa Saleha ameitwa Sabiha, shangazi hakuulizwa. Mvua imenyesha vizuri, paa limevuja upande wa jikoni na limekwisha kuezekwa. Aliyeezeka ni Sadalla. Alikuwa anapita.

La pili ni pumzi. Uso majini, pulizia puani taratibu, kama mtoto anayepoza uji. Geuza shavu, vuta, rudi. Ukiwa na pumzi huna haraka, na asiye na haraka hazami. La tatu ni miguu: itoke nyongani, si magotini. Anayepiga kwa magoti anakanyaga tope. Mikono ichote maji kama makasia mawili, moja likiingia jingine linatoka, na usishike mkondo usoni, ukate kwa upande, ukilenga juu kuliko unapotaka kufika. Na ukifika kati, moyo utakwambia rudi. Usirudi, usiende. Lala chali upumzike, kisha endelea.

Sasa na mimi nina langu. Ninaona haya kuliandika, na ingekuwa si kwa herufi zetu za chuoni nisingeliandika. Nimeposwa. Usicheke. Nina miaka arubaini na mitano, bado natembea wima, na nyumba ikiwa na mtu mmoja chungu hakichemki vizuri. Wewe unajua sheria. Baba hayupo, kaka Uweso, babako, hayupo, sina ndugu mwingine mwanamume. Walii wangu ni wewe. Usipokubali, sitaolewa.

Mwenyewe namtaka. Hilo nakwambia wazi, ili usije ukadhani nashikwa mkono. Ila jina lake sitakutajia sasa. Nitakutajia siku utakayoniandikia kwamba umefika boyani ukarudi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mambo mawili kwa wakati mmoja yatakuzamisha.

Shangazi yako


Mwanza,
8 Julai 1956

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima, nisalimie wote, paka, kuku, Saleha, na huyo Sabiha mpya. Leo siwezi kurefusha salamu.

Umeposwa na nani?

Kama ni Mzee wa Mikinguni mwenye punda watatu, mimi sikubali, yule anakoroma mchana. Kama ni fundi cherehani wa Makorora aliyekuja kwenye harusi ya Saleha akala sahani mbili, tutazungumza. Kama ni Mwalimu Hatibu mwenyewe, basi nikojoe wapi, nani atakuoza, ikiwa ndoa zote za Mwera hufunga yeye? Nimewapitisha wanaume wote wa Mwera mpaka Pongwe, kila mmoja nimemwona na kilema. Eliudi anasema mimi ni baba wa bibi harusi kweli kweli.

Jana niliogelea kutoka jiwe moja hadi jingine, hatua ishirini, uso majini, nikipoza uji. Wanawake waliokuja kuchota maji wakanipigia vigelegele, mmoja wao Yudith, nitakueleza habari zake siku nyingine. Mkono wa kulia unaelewa, wa kushoto bado mkaidi. Ila nina swali. Umeandika mikono ichote kama makasia, na mkondo ukatwe kwa upande. Shangazi, umepiga kasia lini wewe?

Mselem


Mwera,
2 Agosti 1956

Baba,

Maswali mengi hayaelei. Wazima sote, Idi kubwa imepita salama, nyama ilitosha.

Si mwenye punda. Si fundi cherehani, ingawa alileta salamu. Mwalimu Hatibu amesoma maneno yako juu yake kwa kuwa miwani yangu imevunjika na nilimpa anisomee, na amesema atakuombea dua upate haya.

Mkono wa kushoto: usiukunje vidole kama unayeficha kitu. Ufungue, ukae kama kata ya kuchotea maji. Na kila usiku kabla ya kulala ufanye kitandani mara hamsini. Eliudi acheke, akichoka ataacha.

Mwezi huu sitaandika tena. Nitakuwa nasubiri.

Mwanamkasi


Mwanza,
9 Septemba 1956

Shangazi yangu, mwalimu wangu,

Shikamoo! Shikamoo! Nisalimie watu wote wa Mwera, na wa Mikinguni, na punda wao watatu!

Nimefika boyani. Nimerudi.

Nikueleze tangu mwanzo. Tulisimama gatini watu saba tumevaa kaptura, Wazungu na Wahindi wamejaa viti vyote, na wenyeji juu ya mawe. Bwana Katibu akanyoosha mkono, "Kwanza Nahodha, awaonyeshe wenzake." Eliudi akatazama chini. Mimi nikasema Bismillahi, nikaingia, si kwa kuruka, kwa ngazi, kidato kimoja kimoja, kama mtu anayeshuka kwenda kuoga. Watu wakadhani ndiyo desturi ya pwani.

Nikapoza uji. Nikafungua kata. Maji baridi, boya jekundu, halisogei. Nilipofika kati moyo ukaniambia yale yale uliyosema utaniambia. Nikalala chali. Nikatazama mbingu. Huko gatini, wananiambia, wanawake walipiga ukelele, Eliudi akaanza kuvua shati aje kuitoa maiti, Bwana Katibu akamwaga chai. Nami niko kitandani kwangu. Nikahesabu arubaini na tatu, nikageuka, nikaenda nikalipiga boya kofi mpaka likalia. Wakati wa kurudi nilipumzika tena mara mbili, na mara ya pili nilifanya kwa maringo tu.

Nilipopanda ngazi Bwana Katibu akanishika mkono, akasema hajapata kuona mtu mwenye utulivu kama ule majini, na kwamba atakuwa ananichukua mimi katika safari zake za kuvua mitoni. Kesho yake kwenye resi ya makasia chombo chetu kilikuwa cha tatu. Vyombo vilikuwa vinne. Lakini nilikuwa ndani, Shangazi, nimeshika usukani, sikuwa gatini nakausha kamba.

Nililia, usiku, kwa furaha. Wewe umenifundisha kwa karatasi jambo ambalo nimelikimbia tangu nina miaka tisa. Sasa taja jina. Yeyote uliyemchagua, nakuapia nina nusu ya radhi tayari.

Mwanao,
Mselem


Mwera,
30 Septemba 1956

Kwa baba yangu Mselem,

Nimeisoma barua yako mara tano. Nimelia na mimi. Mwalimu Hatibu ameitangaza baada ya Ijumaa, ameongeza chumvi, sasa Mwera wanaamini umevuka ziwa zima.

Keti kwanza. Umeketi?

Mimi sijui kuogelea. Sijawahi. Bahari naijua kwa miguu: maji yakitoka naingia, yakirudi natoka, na nikilowa kichwa ni wimbi au pweza. Umefanya kosa lile lile walilokufanyia watu wa ziwani. Walikuona umetoka Pangani wakasema huyu anaogelea, na wewe uliniona nimelowa ukasema vivyo hivyo. Sikutaka kukuvunja moyo. Nikatafuta anayejua.

Kila neno nililokuandikia lilitoka kinywani mwa Sadalla. Mimi nimekaa kizingitini na kalamu, yeye amekaa uani juu ya kinu kilichopinduliwa, anatupa mikono hewani na kupiga mateke, mimi naandika. Bertha alipita akaenda kuuliza kambini kama kuna dawa ya pepo. Yale ya gogo la mnazi ni yake. Ya uji ni yake. Ya kulala chali katikati alinilazimisha nimsomee mara mbili, akasema, "Mtoto yule ana haraka, hapo katikati ndipo atakapoogopa."

Na jina ni hilo hilo.

Najua. Ulikuwa na miaka tisa, umevaa kanzu mpya, ukasimama kwenye mashua yake ili watu wa ng'ambo waione, ukatumbukia. Alijitosa akakutoa. Kisha akakubeba begani kupita sokoni Pangani anacheka na kupiga kelele, "Nimevua papa!" Na ukaitwa Papa mpaka ulipoondoka. Tangu siku ile hukumpa shikamoo hata siku moja, wala hukukanyaga maji. Mwaka ule ule alinitaka. Ulikataa kula siku mbili. Nikamwambia hapana. Sikukwambia kwa nini, wala yeye hakunilaumu. Akaoa kwingine, mkewe akafariki, na miaka yote hiyo akinivusha hakutaja neno mpaka mwaka huu.

Mwalimu Hatibu anasema walii akiwa mbali hivyo kadhi anaweza kuniozesha. Sitaki. Kuozwa na kadhi ni kwa mtu asiye na mtu. Mimi nina mtu, tena ana jina la baba yangu. Ukisema hapana itakuwa hapana, na nitaendelea kukupenda, ila safari hii nitahuzunika mbele yako.

Shangazi yako,
Mwanamkasi


Mwera,
29 Oktoba 1956

Baba,

Natumai u mzima. Nimehesabu wiki nne. Sadalla akivuka na mfuko wa posta hanitazami, ananionyesha viganja vitupu tu.

Sikulaumu. Nijulishe tu kwamba hujaumwa.

M.


Mwanza,
4 Novemba 1956

Kwa Shangazi yangu Bi Mwanamkasi binti Mselem,

Shikamoo. Usidhani nimeumwa. Barua yako ilinikosa, nilikuwa safarini na Bwana Katibu kwenye Mto Simiyu, wiki mbili kambini, na huku barua imelala ofisini. Hiyo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba nimerudi tangu tarehe ishirini na tano Oktoba, nikaisoma siku ile ile, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro siku kumi. Nilikasirika, Shangazi. Nilijiona nimetumbukia mara ya pili, na aliyenitoa ni yule yule.

Lakini nikueleze la mtoni, kwa sababu siku zote hizo kumi lilikuwa linanigonga kichwani.

Siku ya tisa tulikuwa kwenye mtumbwi, Bwana Katibu, mimi na fimbo yake. Mara akanasa ningu mkubwa. Mzee wa watu kwa furaha akasimama. Nikamwambia keti, hakusikia. Akatumbukia, kofia, fimbo, samaki na yeye. Mto ule una mamba, na buti zake zilijaa maji. Sikufikiri. Nilijitosa, nikamkamata kwa mikanda ya suruali, nikaukata mkondo kwa upande kama nilivyoandikiwa, nikamfikisha mchangani. Na pale, alipokohoa maji ya kwanza nikajua kwamba yu hai, Shangazi, nilicheka. Nilicheka mpaka nikaanguka. Si kwa dharau, wallahi. Machozi yalikuwa yananitoka, na kicheko hakikatiki. Nilipiga kelele mto mzima usikie kwamba nimemvua mtu mzima mzima.

Alininunia siku mbili.

Mimi nilinuna miaka kumi na saba.

Basi soma haya kwa sauti mbele ya watu: Mimi Mselem bin Uweso bin Mselem, mwenye akili timamu, kwa radhi yangu, nampa wakala Mwalimu Hatibu amwozeshe shangazi yangu Mwanamkasi binti Mselem kwa Bwana Sadalla wa kivuko, kwa mahari atakayoyataka mwenyewe bibi harusi. Wamenishuhudia wazee wawili wa msikiti wa hapa, sahihi zao zipo chini. Eliudi naye alitaka kutia sahihi. Wazee wakamwambia yeye ni Mkristo, hafai kwa hili, basi ametia yake pembeni kwamba alishuhudia boya.

Haya yaliyobaki ni ya mtu mmoja. Nimekutumia salamu za paka, sikuwahi kumtaja yeye. Mwambie Sadalla shikamoo. Mwambie ni ile ya siku ya kanzu mpya, imechelewa njiani, na nyuma yake zipo nyingine za miaka kumi na saba, azipokee zote kwa pamoja.

Mimi,
Mselem, na kama mnapenda, Papa


Mwera,
7 Desemba 1956

Kwa baba yangu aliyeniozesha,

Nikaha ilikuwa jana, Alhamisi, baada ya alasiri. Saleha alinipaka hina, Bertha alileta muhogo gunia zima, na fundi cherehani wa Makorora alikuja tena akala sahani tatu. Mwalimu Hatibu alisoma wakala wako amesimama. Alipofika "Mselem" nilimsikia baba yangu akiitwa, nikalia huko ndani, wanawake wakanifunika kwa vigelegele.

Nilipoulizwa mahari nikasema sitaki kitu cha mkono. Nataka anifundishe kuogelea. Wazee wakatazamana. Mwalimu Hatibu akafungua kitabu, akafunga, akasema kumfundisha mtu jambo lenye manufaa ni mahari halali. Basi masomo yanaanza kesho alfajiri, mahali penye mchanga, na nimeshona vazi la kuingilia. Nitakuandikia nikifika arubaini na tatu. Nawe uniandikie habari za huyo Yudith, usidhani nimesahau.

Ile shikamoo yako ilisomwa mbele ya watu wote, kama ulivyotaka. Sadalla aliinuka na nguo zake za harusi akaenda mtoni, akakaa huko mpaka magharibi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Hapakuwa na moto.

Leo asubuhi amekaa juu ya kinu, ameniambia nichukue kalamu, niandike maneno yake nisiongeze langu. Ni haya:

"Marahaba, mwanangu. Marahaba kumi na saba. Ukija kututembelea, mimi mashuani sikupakii. Utavuka mto kwa kuogelea, na mimi nitakuwa nyuma yako na kasia."